Ndengu Zenye Matundu

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Sauti bado iko masikioni: ndengu moja ikianguka ndani ya mkebe mtupu. Ti. Ilikuwa kura ya kwanza, ya Baba. Alitoka nyuma ya pazia akitabasamu.

Jamhuri ya Kivumbuni imepiga kura. Watu wazima 126, hakuna aliyebaki nyumbani. Miaka mitatu tangu Baba atangaze nchi, kwa hasira, baada ya kila ofisi kumwambia ukingo wetu wa mto uko kaunti ile nyingine. Leo vyama vitatu. Baba, Nzau kwenye orodha, anataka nchi iendelee. Susu Kavindu, nyanya yetu sote na kiongozi wa mwethya, kikundi cha kazi cha wanawake wanaochimba matuta, anataka tuifunge na tuombe Kaunti ya Makueni watuandikishe, watoto wapate kliniki. Mathenge wa duka anataka barabara, itoke popote.

Mimi ni msimamizi kwa sababu nina digrii na sina chama. Karatasi za kura hatuna, kwa hivyo kila mtu alipokea ndengu moja kutoka mkononi mwangu, akaitia nyuma ya pazia kwenye mkebe wa anayemtaka. Saa sita kopo la kwanza la ndengu liliisha. Nikafungua la pili.

Jumapili, 7 Septemba

Tumehesabu baada ya ibada. Kavindu 62, Baba 55, Mathenge 9.

Kisha Munyao, wakala wa Baba, akainua ndengu moja kwenye mwanga wa dirisha. Ina tundu. Nyingine pia. Kopo la pili halikutiwa jivu la kuzuia wadudu, fukusi wameingia. Zenye matundu ni 38, na 33 ziko kwenye mkebe wa Kavindu. Na kanuni niliandika mwenyewe: kura iliyoharibika haihesabiwi. Ukizitoa, Baba anashinda kwa mbali.

Munyao akasema ndengu kama hiyo hata kupanda huwezi, sasa itachaguaje rais? Watu wakacheka.

Susu Kavindu hakucheka. "Kathini, si ni wewe ulitupatia? Tangu alfajiri tulikuwa kwa mto tukichimba maji kwa mchanga. Nyinyi mkapiga kura mapema, mkarudi kunywa chai ya maji yetu."

Ni kweli. Wanawake wa mwethya walifika mchana. Wote walipokea kutoka kopo la pili. Sikuangalia. Mtoto wa mkulima, na sikuangalia mbegu!

Jumatatu, 8 Septemba

Mathenge anasema turudie, yeye ana maharagwe safi dukani, tena bei ya jirani. Baba: nimeshinda, nirudie nini? Susu: turudie kwa kosa la nani? Basi wote wananingoja mimi. Kesho asubuhi natangaza.

Wakati wa chai Baba alisema hanishurutishi, kanuni ni yangu. Halafu akasema polepole, akitazama kikombe: "Wakifunga hii nchi, mimi ni nani? Mzee wa mbuzi wanne."

Nilimwongezea chai.

Nimekaa na ile kanuni siku nzima. Nilipoiandika nilimfikiria mpiga kura mzembe, anayetupa ndengu mbili au kokoto. Hawa hawakukosea kitu. Walipokea walichopewa — na mimi.

Lakini nijiulize pia, hapa ambapo hakuna anayesoma: je, ningepima hivi kama zile 33 zingekuwa za Baba? Nimechoka na bendera yake. Nimechoka kueleza watu sokoni Zombe ninatoka nchi gani. Huenda haki ninayoiona ni uchovu wangu tu. Nimegeuza mambo mara nyingi: Baba akiwa na zile 33, Kavindu akiwa mshindi wa kanuni. Kila mara naishia pale pale. Ningezihesabu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeandika: Kavindu 62, Nzau 55, Mathenge 9. Chini yake: ndengu zenye matundu zilitoka mkononi mwa msimamizi, kosa ni lake, si la mpiga kura.

Tangazo bila muhuri si kitu, na muhuri hukaa kwenye mfuko wa koti la Baba. Nilimwomba. Alidhani anajua nilichoandika. Akaupulizia pumzi ili wino ushike, akanipa, akaniita mwiitu wakwa, binti yangu. Hajaniita hivyo tangu nikiwa shule ya msingi. Sikumrekebisha.

Nimegonga muhuri. Nimebandika kwenye mlango wa duka saa tatu kamili. Mathenge amesoma, akazima redio.

Sasa saa tatu na robo. Nimekaa kwenye benchi la duka, naandika hili juu ya goti. Baba anashuka kilima, amevaa koti la sherehe, anasalimia kila nyumba njiani.