Kwa Anshel Brodovsky, Aliyegonga Mlango na Kukimbia

Mwaka umetimia, Anshel wetu, tangu ulipotuacha katika baridi ile kali ya Winnipeg. Mshumaa wako tumeuwasha, na kaburini tumekuwekea vijiwe vya ukumbusho, kila mmoja chake, kama ilivyo desturi yetu Wayahudi.

Ulianza na cherehani moja ya kushonea makoti, ukafikia kuwa na kiwanda. Nyumba ya wazee wa Kiyahudi uliijenga wewe, ukakataa jina lako kuandikwa hata kwenye kitasa. "Wazee wanataka joto," ulisema. "Jina langu halimpashi mtu joto."

Lakini tunachojivunia zaidi ni masanduku yako ya Pasaka yetu ya Kiyahudi. Ulipanga kwa mkono wako mikate isiyotiwa chachu, samaki, mayai na divai, ukaenda kuyaacha milangoni mwa wasio nacho, ukagonga, ukakimbia. Mzee wa miaka themanini, mbio kwenye barafu! Hukutaka mtu aone haya kukutazama usoni.

Siku ile ulipoteleza kwa Bi Rivka Szmulewicz, alifungua mlango akakukuta chini.

"Mzee Anshel! Umefuata nini hapa?"

"Nimepotea njia, mama."

"Mtaa ulimozaliwa? Na hilo sanduku nalo limepotea?"

"Hilo nimelikuta hapahapa."

Alicheka hadi akaketi chini pamoja nawe. Siri yako aliitunza mpaka tulipokuzika, ndipo akatusimulia.

Hospitalini ulikuwa na wasiwasi mmoja tu. "Nani atagonga milango?" ulimuuliza mwanao Tova kila alipokuja. Alikuahidi, nawe ukamtania: "Wewe? Hata basi hulikimbilii!"

Basi sikiliza, Anshel. Pasaka ilipofika tuligonga milango yako yote. Mwanao Hillel alisahau kukimbia, akasimama kama nguzo, Tova akamvuta koti. Wajukuu wamekurithi miguu. Hakuna aliyetuona.

Tuliporudi nyumbani, hata viatu hatujavua, mlango wetu ukagongwa. Tukafungua: hakuna mtu. Kizingitini palikuwa na sanduku, na ndani yake sufuria ya supu ya kuku, bado ya moto. Kwenye theluji tuliona nyayo za mtu mzee, za karibu karibu, mtu asiyeweza tena kukimbia.

Hatukuzifuata. Ulitulea vizuri.

Tunakukumbuka kwa fahari: mkeo Faiga, wanao Hillel na Tova, dada yako Pesia, wajukuu zako Zev, Nessa na Gittel.

Kila mlango utakapogongwa, daima tutakukumbuka wewe.