Kaaku, Kile Chumba cha Joto Kilikuwa Chako

Kaaku wangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Uliniambia zamani kwamba mtu mwenye hasira asishike kisu wala sufuria ya moto. Juu ya kalamu hukusema kitu, basi nimeishika.

Mwezi wa saba umeingia Likasi. Nyasi zimepauka, upepo unapita chini ya milango, watoto wanaenda shule mikono wameificha kwapani. Kila baridi hii ikirudi nakukumbuka wewe, mama wa baba yangu, uliyetoka Kasai ukiwa mjane na kushuka kwenye treni na kitenge kimoja begani. Mwanao alipokuita alikusimulia nyumba ya matofali, taa za umeme, maji ya bomba. Habari za baridi alizisahau. Jioni ya kwanza ulijikunyata jikoni ukasema, "Hii muji banaijenga ndani ya mupepo!" Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikuwa mtoto wa kike wa kwanza, kwa hiyo nilipewa kulala nawe. Chumba ulikichagua mwenyewe. Uliingia kila mahali ukaweka kiganja ukutani, kama mtu anayempima mtoto homa, na kile kidogo cha mwisho, ambacho ukuta wake uligusana na jiko, ndicho ulichosema, "Hapa." Baba aliona ni kichekesho. Alikuwa karani katika ofisi za kampuni ya migodi, mtu wa viatu vinavyong'aa na suti ya abakosti iliyopigwa pasi, na alitaka sana kuwa mkuu wa ofisi yake. Mambo ya kuta hayakumhusu.

Mvua zilipokatika tulianza kazi. Tulikwenda nyuma ya nyumba kuchimba udongo wa kichuguu, ukaukanda, tukaziba kila ufa wa dirisha. Mifuko ya unga ukaifua, ukaishona mara mbili, ikawa rido nzito ya dirishani isiyopitisha upepo. Sakafu ya sementi tukaitandika nyasi kavu, juu yake mikeka. Kuta ukazibandika magazeti, na hapo ndipo Baba alipokuja mbio kukagua ukurasa mmoja mmoja, picha ya Kiongozi wa nchi isije ikawa imesimama kichwa chini ndani ya nyumba ya karani. Ulimwacha akague. "Mutoto wangu anaogopa karatasi," uliniambia alipotoka.

Halafu ile bulangeti. Ulikusanya vipande vya vitenge vya Mama, vya majirani, na kile chako cha arusi kilichokwisha kuchanika, ukavishona pamoja; katikati ukajaza sweta kuukuu tulizozifumua uzi kwa uzi. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yako yalikataa. Ilikuwa nzito kama mtu aliyelala juu yako.

Jioni ulikuwa unawasha mbabula, lile jiko letu la makaa, uani, unaupepea mpaka makala yawe mekundu na moshi umalizike, ndipo unauingiza ndani, mlango ukiwa wazi kidogo. Chumba kikishapata joto, unautoa. Mimi nililia uache. "Moto ni mugeni, mwana wanyi," ulisema. "Anaota na weye, lakini halale na weye." Badala yake ulinipa tofali lililopashwa moto, limefungwa kitambaa, la kuweka miguuni. Na ndani ya chumba kile, Kaaku, kifua chako kilinyamaza. Ile pumu iliyokufanya ukae kitandani umeinama mbele kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, ilikuacha. Ulianza kunisimulia hadithi mpaka mwisho bila pumzi kukatika.

Mwaka wa pili, baridi ikiwa katikati, Baba alitukusanya baada ya misa. Alisema Chama kinamtuma mtu mkubwa kutoka Lubumbashi, atafanya kazi kidogo hapa mjini, na yeye, Baba, ameomba ampokee nyumbani kwetu. Aliomba! Kulikuwa na nyumba ya wageni yenye vitanda vitupu. Hakuna aliyemlazimisha.

"Atalala wapi?" Mama aliuliza.

"Ku chumba ya mwisho. Njo yenye kuwa na joto."

"Na mama yako?"

"Ku depo. Siku kidogo tu."

Depo ilikuwa kile kibanda cha uani tulimoweka makala na unga, mabati matupu juu, mlango usiofika chini. Mama alisema, "Baba, mama yako iko na kifua." Baba akakugeukia wewe na kusema kwa sauti ya ofisini kwamba vitu vyote vibaki: rido, mikeka, bulangeti. Mgeni akute chumba kizuri.

Nilikutazama nikitegemea utapiga kelele. Ulisimama, ukachukua kitenge chako na rozari, ukatoka uani. Mpaka leo sijui ulinyamaza kwa aibu yako au kwa aibu yake.

Tulilala depo. Nilikukumbatia mgongo, lakini mtoto mwembamba ana joto gani? Upepo ulileta vumbi la makala puani. Kifua chako kikaanza tena, kwanza kama filimbi ya mbali, kisha kama mlango unaosukumwa. Mgeni alikaa kupita zile siku kidogo, akaendelea kukaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatusalimia watoto, alikula fufu yetu bila majivuno. Nilipopeleka maji asubuhi nilimsikia akimwambia Baba, kwa lile neno la Chama la kumwita mwananchi, "Citoyen, hapa kwako nalala muzuri kupita hoteli. Nani alishona ile bulangeti?"

"Bibi yangu," Baba akajibu, akimwonyesha Mama.

Mama alikuwa amesimama pale na sahani mkononi. Aliinamisha macho. Nami nilirudi depo nikakuta umekaa kwenye gunia, unahema, na sikuweza kukuambia.

Siku ile ya bia naiona kama ni leo. Mchana, Baba amewaalika wenzake wa ofisini, mgeni kakaa kwenye kiti kikubwa, wanacheka. Ulikuwa umekohoa tangu alfajiri. Ulinyanyuka ukajifunga kitenge vizuri, ukaniambia, "Tuende." Uliingia sebuleni bila kubisha, ukapita katikati ya miguu na chupa, ukaenda moja kwa moja mpaka chumbani. Uliporudi ulikuwa umejifunika bulangeti kuanzia kichwani.

Mgeni akauliza, kwa adabu kabisa, "Huyu mama ni nani?"

Baba alikuangalia. Nilimwona akikuangalia, Kaaku, nitaapa hata mbele ya altare. Akasema:

"Ni mama moja wa kwetu kule Kasai. Anatusaidiaka kazi ya nyumba."

Wewe uliyembeba mgongoni! Wewe uliyebaki na njaa ili yeye ajue kusoma, asome mpaka awe karani, awe na sebule, awe na mgeni wa kumwambia uongo huo.

Hukumtukana. Pumzi ya kutukana hukuwa nayo. Ulisema polepole, ukipumzika kila baada ya maneno machache:

"Njo, namusaidia. Nilimusaidia kuzaliwa. Usiku mbili nilimusaidia, alikataa kutoka. Nikamusaidia kutembea. Nikamusaidia kula." Ukamgeukia mgeni. "Samahani, baba. Minye sina na ubaya na weye. Lakini nasikia baridi, na hii kintu ni yangu."

Mgeni aliweka glasi chini. "Citoyen, mama yako analala wapi?"

Nilijibu mimi: "Ku depo. Pamoja na makala."

Wale wenzake walianza kutafuta kofia zao. Mgeni alifunga sanduku lake kabla jua halijatua, akahamia nyumba ya wageni. Kama alikwenda kwa huruma au kwa kuogopa kikohozi chako, sijui. Alikushika mkono kwa mikono yake miwili alipoaga, na hilo mwanao hakulifanya.

Tulirudi chumbani. Ule ukuu wa ofisi alipewa mtu mwingine, na Baba akaamua ni wewe uliyeunyakua. Aliacha kukusemesha. Alikuwa anapita mlangoni petu akiangalia mbele. Mama na mimi tuliwasha mbabula, tulipasha matofali, tulikuchemshia majani, lakini kile depo ilichokitia kifuani mwako hakikutoka tena. Ulituacha joto lilipoanza kurudi, kabla ya mvua ya kwanza. Naye Baba akakununulia blanketi jipya la sufi, zito, zuri, akalitandaza ndani ya jeneza mbele ya watu wote. Watu wakasema, tazama mtoto anayempenda mama yake. Nilitaka kulivuta lile blanketi. Tantine, dada yake, alinishika mkono.

Wiki iliyopita tumemzika Baba pia. Nililia, Kaaku, usifikiri sikulia. Alinisomesha, na alinibeba mabegani nikiwa mdogo. Lakini matanga yakafika siku ya kutoa ushuhuda, watu wamejaa uani chini ya turubai, na mmoja wa wazee wa parokia akasimama kumsifu. Akasema marehemu alikuwa mtu wa ukarimu: aliwahi kumpokea mtu mkubwa wa Chama akampa chumba bora kuliko vyote vya nyumba yake. "Alitoa kitanda chake," akasema, na watu wakaitikia, wengine wakapiga makofi. Kaka yangu akaongezea kwa kicheko kwamba kulikuwa hata na bibi kizee mmoja aliyeingia na kuharibu karamu.

Bibi kizee mmoja! Kaka yangu, aliyekula mihogo iliyochomwa na mikono yako!

Nilisimama. Tantine akanivuta nguo, "Kaa chini, mufu habamusemake." Nikamwambia, "Basi na wazima tusemwe." Nikawageukia watu. Nilisema hakutoa kitanda chake. Nilisema alitoa kitanda cha mama yake mzazi, akamlaza kwenye makala katikati ya baridi, na alipoulizwa yule mama ni nani, akasema ni mtumishi. Nilisema bibi kizee yule ndiye Kaaku wetu, na kifua kilichomuua alikipata pale, uani pale pale walipokuwa wamekaa.

Kaka yangu akawa mwekundu wa macho. Wengine waliangalia miguu yao. Nilidhani watanitoa nje, na nilikuwa tayari kutolewa.

Ndipo yule mzee wa parokia akauliza, kwa sauti ya chini, "Huyo mama alikuwa anaitwa nani, tumuombee?"

Nikafungua kinywa, Kaaku, na sikuwa na kitu. Kwetu mtoto hamtaji nyanya yake, na baada ya wewe kufa hakuna aliyethubutu kukutaja mbele ya Baba. Nimekupenda miaka yote hii bila kulijua jina lako.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wajane, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Tangu kifo hakuwa amesema neno mbele za watu, na desturi haimtaki aseme. Aliinua uso.

"Kapinga Ntumba," akasema. "Iko kweli yote mutoto anasema. Muandike: Kapinga Ntumba."

Na uani kote wakasimama kukuombea.

Pumzika vyema, mama wa baba yangu. Hasira yangu bado ninayo, wala siombi ipoe.

Mimi mjukuu wako, niliyelala mgongoni pako