Kidonge Changu na Mashine za Kichwani

Nachingwea, Jumatano, Agosti 2008

Upepo umevuma tangu asubuhi, na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye kompyuta hii ya kukodi ninayoandikia, hapa karibu na soko. Mikorosho imetoa maua, harufu yake inafika mpaka mjini. Sina huzuni leo. Nina hasira, na nimeamua sitamwomba mtu radhi kwa kuwa nayo.

Kwa usiyenijua: nafundisha baiolojia sekondari. Kwetu ni Njombe, serikali ikanipanga huku, na nimekaa kiasi kwamba wanafunzi wamechoka kunicheka nikijaribu kusalimia kwa Kimwera.

Nina kifafa.

Neno hilo sijawahi kuliandika kwenye blogu hii. Lakini tangu Jumamosi wilaya mbili zinalijua, kwa hiyo na wewe ulijue.

Jumamosi tulikuwa Ruangwa, wilaya jirani, kwenye ukumbi wa parokia, walimu wa sayansi pamoja na wazazi waliopenda kuja. Mgeni alikuwa Injinia Beatus, mtoto wa kijiji cha Malolo aliyesoma hadi ng'ambo. Watu walijaa kumwona. Alizungumzia teknolojia ya nano, yaani utengenezaji wa vitu vidogo mno, vidogo kuliko chembe ya damu. Alisema watafiti wanatafuta namna ya kuvipitisha vitu hivyo hadi kwenye ubongo, vipeleke dawa pale tu penye hitilafu. Halafu akaenda mbali zaidi. Huenda ikafika siku, akasema, mtu mwenye afya yake, asiyeumwa chochote, akawekewa ili akumbuke zaidi na afikiri haraka kuliko wenzake.

Mwalimu Chilumba akasimama. Huyu anafundisha hisabati shuleni kwetu, anakaribia kustaafu, ni mtu wa kanisa, na ndiye aliyenipokea stendi siku niliyofika huku na begi langu moja. Nampenda. Ndiyo maana yaliniuma.

"Akili ni ya Mungu," alisema. "Mtu akishaingiziwa kitu kichwani kikabadilisha ubongo wake, huyo si yeye tena. Ni chombo. Na mimi chombo siwezi kukikabidhi watoto wangu kiwafundishe."

Ukumbi ukapiga makofi. Hata mimi nilishainua mikono, kwa mazoea tu.

Kila asubuhi nameza kidonge kinachobadilisha ubongo wangu. Nameza tangu nikiwa msichana wa shule. Bila hicho naanguka. Nikiwa nacho nasimama mbele ya darasa, ila kuna wakati maneno yananichelewa, na jina la mwanafunzi ninayemwona kila siku linakataa kabisa kuja. Hawa wawili, yupi ndiye mimi? Yule anayeanguka, au huyu anayesahau majina?

Nilisimama bila kupanga.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema, maana ni mkubwa wangu hata nikiwa nimekasirika. "Mimi nina kifafa. Dawa ninayokunywa inaingia kichwani na inabadilisha ubongo, hiyo ndiyo kazi yake. Mwanao wa mwisho nimemfundisha mimi mpaka akafaulu. Alifundishwa na chombo?"

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu akasogeza kiti chake. Nilimwona.

"Sikujua, binti yangu," alisema Mwalimu Chilumba.

"Sasa umejua, baba."

Injinia alikuwa anatabasamu. Nadhani aliona amepata mtu wa upande wake. Nikamgeukia na yeye.

"Nikiwekewa hivyo vitu vyako," nikamuuliza, "nani atakuwa na uwezo wa kuvizima?"

"Inategemea vitakavyotengenezwa, Mwalimu. Pengine hospitali. Pengine kampuni yenyewe."

"Na nikitaka vitolewe?"

"Hilo kwa kweli sijui. Bado ni utafiti."

Namheshimu kwa kusema hajui. Nikakaa chini.

Ngoja nikiri jambo ambalo pale ukumbini sikulisema. Vitu hivyo ninavitaka. Kesho vikiletwa hospitali ya hapa, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, niingie darasani na majina yote ya wanafunzi wangu kichwani. Nani atanilaumu? Lakini kidonge changu nakishika mwenyewe. Nikikichoka, siku hiyo nakiacha, nikianguka nimeanguka kwa uamuzi wangu. Kitu kinachokaa kichwani mwangu na ufunguo wake uko kwa mtu mwingine, hapana. Siku mwajiri atakaposema kila mwalimu awekewe ndiyo apate kazi, nitarudi Njombe kulima viazi.

Halafu kuna wasichana wangu wanaotoka vijiji vya Mbwemkuru. Wanafika kidato cha kwanza hawajawahi kushika darubini, na yetu wanaitazama kwa zamu darasa zima. Akili ikianza kuuzwa, wao watauziwa na nani? Watabaki na walichozaliwa nacho, kisha wataambiwa hakitoshi. Hapo ndipo ninapoona dhambi. Haiko kwenye kitu kuingia kichwani. Iko kwa anayekaa mlangoni akichagua nani aingie.

Jumatatu nikaingia ofisi ya walimu. Chai ilikuwa mezani kama kawaida, vikombe vyote vya bati kwenye sinia moja. Pembeni, juu ya kabati, kilikuwepo kikombe cha plastiki cha kijani, kipya.

"Hicho ni chako, Mwalimu," mwenzangu mmoja akaniambia, kwa upole kabisa, kana kwamba ni zawadi.

Wanaamini kifafa kinaambukiza kwa mate. Watu waliosoma sayansi na mimi.

Nilichukua kikombe cha bati kutoka kwenye sinia, nikajimiminia chai, nikanywa taratibu mpaka mwisho. Nikakisuuza, nikakirudisha sehemu yake. Hakuna aliyekunywa tena asubuhi ile.

Wakae na kiu.

Jana mkuu wa shule akaniita. Ni mtu mwema, na watu wema ndio wanaonichosha zaidi, kwa sababu huna pa kuanzia ugomvi nao. Aliniambia wazazi wamepiga simu. Akaniomba niache zamu ya bweni la wasichana na nisiingie maabara kwa muda, mpaka mambo yatulie.

"Yatulie namna gani, mkuu?"

"Watu wasahau kidogo."

"Mimi sitaki wasahau. Nimeficha miaka yote hii na sikupata faida."

Tulibishana. Nilikubali jambo moja tu, kwamba jiko la maabara sitaliwasha nikiwa peke yangu, kwa sababu hilo ni busara na nilikuwa nalifuata kimyakimya siku zote. Mengine nikakataa. Akaniuliza, je, nikianguka mbele ya watoto? Nikamwambia wataona mtu ameanguka, kisha wataona ameinuka. Akashika kichwa. Hakusema ndiyo, lakini hakusema hapana, na kwangu hiyo ni ruhusa.

Leo nikaingia kidato cha tatu. Walikuwa kimya kuliko kawaida, kwa hiyo nikajua wanajua. Sikufungua kitabu. Nikasema mwenye swali aulize.

Anastazia, msichana mpole anayekaa mbele, akasimama. "Mwalimu, ukianguka tufanye nini?"

Tangu Jumamosi watu wazima wameniuliza nina nini, nilirogwa na nani, na kama nitaolewa. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza afanye nini.

Nikatandika kanga yangu sakafuni, nikalala ubavu mbele ya darasa zima. Niliwaonyesha. Ondoeni viti na kila kitu cha kuumiza. Wekeni kitu laini chini ya kichwa. Msinishike kwa nguvu, msiniweke kitu mdomoni. Nikitulia, nigeuzeni hivi, mkae na mimi mpaka niwajue. Nisipotulia, kimbieni kuita msaada. Kisha wakafanya mazoezi wawili wawili, wakicheka, na nikawaacha wacheke.

Nilipoinuka kupangusa vumbi nikamwona Mwalimu Chilumba mlangoni, chaki mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale muda gani.

"Hata kijiko?" akauliza. "Mdomoni hakiwekwi kabisa?"

"Hakiwekwi, Mwalimu. Kinavunja meno, na anaweza kukosa pumzi."

"Sisi nyumbani tulimwekea mdogo wangu," akasema. "Kila mara."

Nilitaka kumuuliza yuko wapi huyo mdogo wake. Uso wake ukanijibu kabla sijafungua mdomo. Akaenda kwenye kipindi chake.

Bado simkubalii maneno ya Jumamosi, na nitamwambia tena akirudia. Wala Injinia simkubalii mpaka aniletee jibu la swali langu. Ubongo huu ni wangu, na kidonge chake, na usahaulifu wake. Atakayetaka kuuongezea uwezo au kuuacha ulivyo ataanza kwa kuniuliza mimi.

Kesho nina kidato cha pili, kipindi cha kwanza. Hao sitasubiri waniulize.