Masaa Sita Mume Wangu Alikuwa Wapi?

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie maana kichwa hakifanyi kazi, leo nimeshona zipu ya nyuma ya sketi ya mteja nikaiweka mbele. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni fundi wa lifti, na mwezi uliopita alipata mkataba katika mji wa mbali, kilomita elfu nane na ushee, akaondokea kazini moja kwa moja na begi lake, sikumsindikiza. Aliniambia ndege inakaa hewani masaa tisa na saa za kule ni sawa na za huku. Akaniachia karatasi ya safari, ya Kiingereza, nikampelekea shoga yangu mwenye duka la kuchapa, akanitafsiria yote: kuruka saa moja usiku, kutua saa kumi alfajiri, nikahesabu kwa vidole, masaa tisa kamili. Basi Shangazi, saa kumi ikapita kimya, saa kumi na mbili kimya, bwana akaja kupiga saa nne asubuhi, "Mke wangu, ndio kwanza nimetua." Ndio kwanza! Masaa sita alikuwa wapi? Nilipomuuliza akacheka, akasema huku ni mbali, na shoga yangu akasema mwanamume akicheka hapo ujue kuna mwenyeji aliyempokea. Wiki ya pili sasa sipokei simu yake. Na tiketi ya kumfuata ameshanitumia, ya Jumamosi hii, shoga yangu kaitafsiri pia, kuruka saa nane mchana, kutua saa kumi na saba, sijui ndiyo saa gani hiyo, labda ya huko kwao. Nimepanga asubuhi nipitie saluni, saa tano niwe uwanjani, ila moyo unanituma niichane. Niende, au nimwachie huyo mwenyeji wake?

Fundi Mwenye Dukuduku

Fundi, pole, na weka mkasi chini. Saa kumi na saba umeiona wapi wewe? Hapo ndipo ungeshtuka. Shoga yako ametafsiri maneno, namba akaziacha zilivyo. Karatasi za ndege huanza kuhesabu katikati ya usiku, sisi tunaanza asubuhi. 01:00 ni saa saba usiku, 10:00 ni saa nne asubuhi. Simu yako inaandika 08:00 kila siku ukifungua duka, na hujawahi kusema ni mchana! Toka saa saba hadi saa nne ni masaa tisa, ndiyo maana hesabu ilikubali kotekote ikakudanganya. Mumeo alikuwa angani. Ulimhukumu bila kumwambia shoga yako ameisomaje karatasi, na hilo nakulaumu.

Leo ni Alhamisi, nimeomba barua yako iruke foleni. Mpigie sasa, umwombe radhi. Saluni nenda kesho. Shoga yako abaki na kuchapa.

Na nisikilize vizuri: ndege yako inaruka saa mbili asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri uwe uwanjani. Ukifika saa tano na nywele zako nzuri, itakuwa imeshaondoka, na jioni mumeo atasimama mlangoni akitazama abiria wanaisha mmoja mmoja, na zamu hii yeye ndiye atakayeuliza uko wapi.