Kibla cha watu wa mwezini

Mangarivotra, Mahajanga. 29 Shaabani, mwaka wa tano wa uhuru.

Dada Zalihata amenikera kweli. Nimemsomea hadithi ninayoitunga, ya watu sita wanaoishi kituoni mwezini, akanikatiza kwa Kingazija chetu: "Ramadhani wataanzaje kufunga? Mwezi utawaandamia wapi, nao wameukalia?"

Nikanuna. Niliogopa hadithi nzima imeharibika.

Baada ya magharibi tulitoka uani, tukauona mwezi, mwembamba kama ukucha. Hapo hapo nikapata jibu, nikamwambia: mwezi ukiwa mwembamba kwetu, wao wanaiona dunia imejaa, inang'aa juu yao. Dunia ikijaa, wanafunga.

Zalihata akadakia: "Basi na kibla wamekipata. Si Makka imo humo humo duniani?"

Sasa hadithi imesimama. Ila hilo la kibla nitasema ni langu.