Chupa 62 za Maji ya Todzie

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Dzigbodi Agbemafle. Umri: miaka 31. Kazi: mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Makazi: Bankoe, Ho.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikichota maji ya mto Todzie na kuhesabu vipande vya plastiki vilivyomo, vile vidogo visivyoonekana kwa macho. Kazi hii ina masharti. Chupa ziwe za kioo, kamba iwe ya katani, nguo iwe ya pamba tupu. Mimi ni mtu wa masharti. Wavuvi wamenicheka sana kwa kuwavua kofia zao za nailoni kabla hawajanipandisha mtumbwini.

Gauni langu la mtoni ni jekundu. Mama alinunua kitambaa sokoni akanishonea mwenyewe nilipopata nafasi ya kusoma. Alisema ni pamba tupu. Nilipima kila kitu isipokuwa gauni hilo, maana kupima zawadi ya mama ni kumwita mwongo.

Mnamo Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, saa nane mchana, nikiwa maabara, niligusisha sindano ya moto kwenye uzi uliochomoka kwenye gauni hilo. Pamba huungua na kuwa majivu. Uzi ule uliyeyuka kama plastiki. Niliuweka chini ya hadubini kando ya nyuzi nyekundu nilizozitoa kwenye maji ya mto, na zilikuwa zilezile. Nyuzi hizo ni zaidi ya nusu ya hesabu yangu yote. Miaka miwili nimekuwa nikihesabu gauni langu.

Saa kumi jioni nilimwaga chupa zote 62 kwenye sinki. Nilipaswa kumwita msimamizi wangu, Profesa Amenyo. Niliona aibu. Nikazisuuza chupa, nikampa mwanamke anayeuza karanga za kusaga kwenye lango la chuo, nikaenda nyumbani.

Jumamosi saa tatu asubuhi Profesa alinipigia simu. Alisema, "Dzigbodi, kaa chini kwanza. Wezi wamebeba sampuli zako zote. Polisi wameshamchukua mlinzi, si ndiye mwenye funguo? Wewe usihofu, chuo kitakuongezea mwaka." Mwaka mzima, na hakuna ambaye angeniuliza kitu. Nilisema, "Asante, Profesa."

Mlinzi huyo ni Mzee Dotse Kpodo. Huniita Daktari tangu siku ya kwanza, ingawa sijawa.

Jumapili saa saba mchana nilimletea ugali wa akple na mchuzi wa bamia hapa kituoni. Alikataa kula peke yake, tukala bakuli moja. Aliniambia, "Usilie, Daktari. Mimi nitatoka tu. Nimewaambia hawa vijana waniache, wakazitafute chupa zako. Ila na huyo mwizi naye! Mto mzima uko pale bure, yeye anaiba wa kwenye chupa?" Askari wa zamu alicheka. Mimi pia nilicheka. Nakionea haya kicheko hicho kuliko kumwaga maji.

Leo Jumatatu tarehe 17 Machi, saa nne asubuhi, nasema hapakuwa na wizi. Mzee Dotse hana kosa lolote. Najua naweza kuipoteza shahada, na kushtakiwa pia. Yeye hajui bado. Naomba nimwambie mwenyewe kabla hamjamfungulia.

Nimesomewa maelezo haya na ni yangu yote, hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi: D. Agbemafle

Maoni ya ofisa: Ombi lilikubaliwa. Shahidi alimweleza mahabusu mbele yangu, saa nne na dakika hamsini. Mahabusu alisema, "Jumapili tulikula bakuli moja, na ulikuwa unajua." Alikabidhiwa mkanda na viatu vyake, akatia sahihi, akaondoka. Shahidi alikuwa bado kwenye benchi nilipotoka zamu saa nane mchana.

Sajenti E. Tsikata