Mama Mkwe Hashuki Kwenye Gari la Wageni

Mpendwa Shangazi Daw Saw Yi, nakuandikia mtoto kalala mapajani, naomba unisaidie kabla sijapasuka.

Mume wangu Thet Paing ni dereva na mwongoza wageni hapa Mandalay, kila asubuhi anawachukua kuwazungusha miji mitatu ya zamani ya wafalme, Amarapura, Sagaing na Inwa, na jioni anawarudisha Amarapura wapige picha jua likizama kwenye lile daraja la mbao, na kazi hiyo ndiyo inayotulisha, ila gari si letu, ni la bosi wake, U Tint. Sasa mama mkwe wangu, tangu mvua ziishe, anapanda gari hilo hilo, eti anapitia tu Sagaing kumwona binti yake wa mwisho aliyenyoa nywele akawa mtawa, na mume wangu hawezi kumkatalia, unatujua tulivyo, kumwambia mkubwa hapana tunaona kama tumempiga. Wageni nao wanamtabasamia, kisha wanakwenda kumlalamikia U Tint.

Siku ya mwezi mpevu ndiyo ilikuwa balaa. Mama alikuwa ameshika zile amri nane za Buddha za siku takatifu, na ukizishika huli baada ya adhuhuri, basi gari likasimama ili wote wale mapema, na wageni ndiyo kwanza wametoka kunywa chai hotelini. Redio akazima, muziki ni mwiko siku hiyo. Kiti laini hakalii, akatandika mkeka katikati ya miguu ya wageni. Sagaing akakaa na binti yake mpaka wakachelewa kivuko cha Inwa, na darajani wakafika giza limeshaingia.

U Tint akamwambia mume wangu, "Wee Thet Paing, unaendesha wageni au unaendesha mama yako? Nikimwona tena humo, niletee ufunguo."

Nikaona nitumie akili. Nikamwendea mtabiri wa nyota wa mtaani kwetu, nikamwomba amwambie mama, maana nyota yake ni ya Jumamosi, siku aliyozaliwa, kwamba kwenda kusini, iliko miji hiyo, mwezi huu ni nuksi kwake. Akamwambia kweli. Lakini akampa na dawa ya kuiondoa hiyo nuksi: apeleke maua na maji kwenye pagoda, hekalu la kila mji wa zamani, yote mitatu kwa siku moja, mara tisa.

Mama akarudi anang'aa. "Umeona, binti yangu? Hata nyota zinataka niende."

Thet Paing akainamia wali wake.

Shangazi, huyu mama nampenda, mwanangu anaogeshwa na mikono yake, lakini nifanyeje ili kazi isipotee?

Cho Zin, Mandalay

*

Cho Zin mwanangu,

Pole, na nisamehe, nimecheka. Lakini nani alikutuma kwa mtabiri? Mtu anakula kwa kuondoa nuksi, wewe unampelekea nuksi mkononi, ulitegemea aiache hivi hivi? Usirudi kumwomba aitengue. Atakuongezea mara tisa nyingine.

Sasa isome barua yako mwenyewe. Umesema mama anakwenda Sagaing kumwona binti yake, halafu hukuligusa tena neno hilo. Huyu hana shida na gari, hata kiti chake hakitaki. Anamtaka mtoto wake, na humo ndani kwenu hakuna aliyewahi kumwambia, "Mama, twende nikupeleke."

Mtabiri alitaja miji, hakutaja gari. Siku takatifu ijayo, na nane za baada yake, mbebe mtoto, mchukue mama, pandeni gari la abiria alfajiri. Maua Amarapura, maua Inwa, mmalizie Sagaing, akae na binti yake mpaka aridhike, hakuna mgeni anayetazama saa. Chakula chake kibebe, ale kabla ya adhuhuri. Mtoto naye atamjua shangazi yake.

Ila habari ya U Tint usimpelekee mama wewe. Hiyo ni ya mwanawe. Leo hii apige magoti mbele ya mama yake kama alivyofundishwa, aseme: "Mama, nikikubeba tena nitafukuzwa. Cho Zin atakupeleka." Basi. Mama anayemwogesha mjukuu kwa mikono yake hatamwacha alale njaa, ila lazima aambiwe.

Na Thet Paing akishindwa kuyasema hayo, kesho ampelekee U Tint ufunguo mwenyewe, asije kusema mama yake ndiye aliyempokonya kazi.